Picha ya makapi ya zabibu na udongo wa Dodoma: namna ya kuitengeneza isioze wala kupauka upesi

Doa la mvinyo mwekundu kwenye kitambaa cheupe hupendeza kwa saa chache tu. Likikauka huelekea kijivu, na likikaa karibu na dirisha miezi kadhaa hubaki rangi ya chai. Anayeutumia mvinyo kama rangi ya maji huishia na picha ya kahawia ambayo hakuikusudia. Kwa sanaa mseto, yaani picha inayochanganya vifaa vya aina nyingi, mali iko kwenye vile ambavyo kiwanda na shamba hutupa: makapi yanayobaki baada ya kukamua, mashapo ya chini ya tangi, matawi yaliyopogolewa, na udongo wenyewe ambamo mzabibu umesimama.

Mwongozo huu ni wa picha moja ya ubao, sentimita 60 kwa 80, yenye mandhari ya mashamba ya mizabibu ya Dodoma. Vipimo vyote ni vya ukubwa huo. Ukitaka ubao mkubwa zaidi, zidisha kwa eneo, si kwa urefu: ubao wenye pande zilizoongezwa mara mbili unakula vifaa mara nne.

Dodoma inafaa kwa kazi hii kwa sababu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja katika miezi ya mwanzo wa mwaka na mara nyingine Agosti na Septemba. Chukua makapi ya msimu wa pili. Hewa ni kavu, hakuna mvua, na kinachokauka kwa siku nne mwezi Agosti kinaweza kuota ukungu mwezi Machi kabla hujageuka.

Makapi gani ya kuomba

Uliza kwanza kama ni makapi ya mvinyo mwekundu au mweupe, kwani tofauti si ya rangi peke yake. Zabibu nyekundu, kama Makutupora au Syrah, huchachuka pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, kisha ndipo hukamuliwa. Kwa hiyo hamira imekwisha kula sukari iliyokuwa kwenye makapi yake. Zabibu nyeupe, kama Chenin Blanc, hukamuliwa kabla ya kuchachuka. Makapi yake bado yamejaa sukari, hayana rangi ya kutosha, na yakibandikwa ubaoni bila kuoshwa vizuri yataita sisimizi kutoka nyumba ya jirani. Meupe yanafaa kwa mkwaruzo na umbile tu, baada ya kuoshwa mara nne au tano.

Utahitaji kilo 5 za makapi mekundu mabichi, lita 1 ya mashapo, fungu la matawi ya unene wa penseli hadi kidole gumba, kilo 3 za udongo mwekundu, na kilo 1 ya udongo mweusi wa mbugani. Makapi na mashapo yachukue siku ileile yanapotoka kwenye mtambo. Yakikaa kwenye gunia hadi kesho huanza kupata moto yenyewe na kunuka siki, na harufu hiyo haiondoki tena.

Mashapo mwachie mfanyakazi wa kiwanda ayatoe. Tangi linalochachusha au lililotoka kuchachusha hujaa gesi ya kabonidioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, na mtu anayeinamisha kichwa ndani anaweza kuzimia kabla ya kuhisi chochote.

Matawi yapatikane wakati wa kupogoa, baada ya mavuno. Mizabibu hupuliziwa dawa za ubwiriunga na ubwirivinyoya, magonjwa ya ukungu, nyingi zikiwa na salfa au shaba, hivyo yasugue kwa maji na brashi kabla ya kuyaleta ndani. Majani yaache shambani.

Kuosha na kukausha

Mimina makapi kwenye beseni kubwa la maji baridi, yakoroge kwa mkono nusu dakika, chuja. Rudia mara moja tu ikiwa ni mekundu. Maji ya kwanza hutoa asidi, mabaki ya sukari na hamira. Ukiendelea kuosha utatoa na rangi. Kisha sugua makapi juu ya chekecheke lenye matundu ya milimita 5 au 6. Kokwa zitapita, maganda na vikonyo vitabaki juu. Vikonyo vitoe kwa mkono uviweke kando, vina kazi yake baadaye.

Tandaza maganda kwenye chandarua kilichoinuliwa, unene usizidi sentimita 1, kivulini penye upepo. Kivulini, kwa sababu rangi ya zabibu huvunjwa na jua, na hiyo ndiyo unayotaka kuihifadhi. Geuza asubuhi na jioni. Yamekauka pale yanapovunjika kama chipsi za muhogo. Yakikunjika bila kuvunjika bado yana maji. Msimu wa mvua tumia oveni kwenye nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo, saa 5 hadi 6. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa au karatasi. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani, na ukungu mweupe huanza katikati ambako huoni.

Kokwa zina mafuta. Zikibandikwa kwenye karatasi au kitambaa kitupu, baada ya miezi michache kila moja huzungukwa na duara la mafuta lisilotoka. Zikaushe, zipitishie vanishi nyembamba ya shelaki, uziache usiku kucha kabla ya kuzitumia, na ziende kwenye sehemu ya ubao au ya udongo, kamwe si kwenye kitambaa.

Mkaa wa mzabibu

Mkaa wa kuchorea uliotoka kwenye matawi ya mzabibu umetumiwa na wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, na hadi leo unauzwa madukani kwa bei ambayo mtu wa Hombolo, huku Dodoma, akiisikia atacheka. Kuutengeneza kunahitaji kopo la maziwa lenye kifuniko cha bati na jiko la mkaa.

Matawi yakauke angalau mwezi mmoja. Menya ganda, kata vipande vya sentimita 10, vipange wima ndani ya kopo vibanane kabisa. Nafasi iliyo wazi ni hewa, na hewa ni majivu. Toboa tundu moja la msumari kwenye kifuniko, funga, weka kopo katikati ya makaa yaliyoshika. Mwanzo utatoka mvuke mweupe, kisha moshi mzito wa manjano, kisha gesi inayoweza kuwaka ulimi mdogo wa moto kwenye tundu. Ulimi huo ukizimika wenyewe na moshi ukawa karibu hauonekani, kazi imekwisha. Kwa kopo la kawaida ni kama saa moja. Toa kopo kwa koleo, ziba tundu kwa udongo mbichi, liache hadi kesho yake. Anayefungua mapema kwa hamu ya kuona huingiza hewa kwenye mkaa wa moto, na vijiti huwaka mkononi mwake.

Kijiti kizuri huvunjika kwa mlio mkavu na huacha mstari mweusi usiokwaruza. Kikiacha mstari wa kahawia hakikuiva: kirudishe. Kikiwa chepesi mno na kinameguka kabla ya kugusa karatasi, kimepita. Hicho kisage kiwe unga. Saga kwenye kinu kidogo ukiwa umevaa barakoa. Unga wa mkaa huelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika, hivyo kwanza ulowanishe kwa matone ya spiriti hadi uwe kama tope, ndipo uongeze maji na gundi. Ukiuchanganya na nyeupe utaona weusi wake una ubaridi wa kibuluu, na huo ndio unaofaa vivuli vya milima ya mbali.

Udongo: rangi isiyokufa

Kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, michoro ya rangi nyekundu bado inasomeka baada ya vizazi vingi mno. Eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani kutu. Jua haliwezi kuipausha, kwa kuwa haina kiungo cha mmea cha kuvunjwa na mwanga. Hesabu ya picha yako ifuate somo hilo: zaidi ya nusu ya eneo iwe udongo na mkaa, sehemu iliyobaki tu iwe rangi ya zabibu. (Usichukue udongo wala jiwe kwenye maeneo ya michoro yenyewe. Wekundu uleule uko kando ya barabara.)

Ponda udongo mkavu, uchekeche, uweke kwenye ndoo ya lita 10, jaza maji, koroga kwa nguvu. Subiri sekunde 40 hadi dakika 1: mchanga utazama, udongo mwembamba utabaki ukielea. Mimina maji hayo yenye rangi kwenye ndoo ya pili, ukiacha mchanga nyuma. Acha ndoo ya pili itulie usiku kucha, mwaga maji safi ya juu, ongeza mengine, rudia mara tatu. Usiruke marudio hayo. Udongo wa nchi kavu mara nyingi una chumvi, na chumvi ambayo haikuoshwa hupanda juu ya picha wiki chache baadaye kama unga mweupe, ukiifuta inarudi. Tope la mwisho litandaze kwenye sinia likauke, kisha lisage.

Udongo mweusi wa mbugani unataka tahadhari zaidi. Huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo sababu mbuga hupasuka kiangazi, na ubaoni utafanya vivyo hivyo ukiuweka mnene. Utumie kama rangi nyembamba tu, au uchanganye sehemu 1 yake na sehemu 3 za mwekundu. Mchanga uliobaki kwenye ndoo ya kwanza usitupwe. Utaingia kwenye rojo la kuinulia sura.

Unga wa zambarau kwa shabu na magadi

Hii ndiyo njia ya kuipa rangi ya zabibu maisha marefu kidogo: kuishikisha kwenye chembe za madini badala ya kuiacha ikielea kwenye maji. Vifaa vyake viko sokoni.

Chukua gramu 300 za maganda makavu, lita 2 za maji ya mvua au ya chupa. Pasha hadi mvuke utoke bila kuchemka, kama nyuzi 70, kwa saa moja. Chuja kwa kitambaa kwenye ndoo ya lita 10. Ukubwa wa ndoo si anasa: povu linakuja. Yeyusha gramu 40 za shabu kwenye kikombe cha maji ya moto, mimina, koroga. Kwenye kikombe kingine yeyusha gramu 20 za magadi, chuja uchafu wake, kisha mimina kijiko kimoja kimoja ukikoroga na kusubiri povu lishuke kila mara.

Tazama rangi. Mwanzo ni nyekundu ya damu ya mzee, kisha zambarau, kisha zambarau yenye ubuluu, na maji huanza kuwa mazito yenye chembe. Simama hapo, hata kama magadi yamebaki kikombeni. Ukipita, rangi hugeuka kijani cha tope na baadaye manjano, na siki haitaikomboa kikamilifu. Mwenye karatasi za kupimia asidi asimame kwenye pH 6 hadi 6.5. Magadi ya sokoni hayana usafi mmoja, kwa hiyo gramu 20 ni mahali pa kulenga. Jicho ndilo mwamuzi.

Acha itulie usiku, mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia mara tatu ili chumvi ziondoke. Chuja kwa kitambaa kizito, kausha kivulini, saga. Utapata vijiko viwili vitatu vya chai, basi. Ni kidogo, nawe utaitumia kwa ubahili unaostahili.

Kwa nini si mvinyo wenyewe au mashapo? Kwa sababu vina asidi nyingi ya tatariki, na asidi hiyo huishika shabu isitue. Mashapo yana kazi nyingine, inayofuata.

Kitambaa cha anga

Sehemu ya juu ya ubao, sentimita 60 kwa 35 hivi, ifunikwe kwa amerikani iliyotiwa rangi ya mashapo. Nunua amerikani isiyopaushwa, ifue kwa sabuni na maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke. Wanga ukibaki, rangi hukaa mabaka mabaka. Iloweke saa 2 kwenye maji ya moto yenye gramu 10 za shabu, ikamue.

Chuja lita 1 ya mashapo kwa kitambaa, ongeza lita 1 ya maji, pasha nyuzi 60, tumbukiza kitambaa saa moja, zima moto, kiache humo hadi asubuhi. Ukitaka mabaka ya mawingu, kikunje na kukifunga kwa uzi kama batiki kabla ya kutumbukiza. Suuza mara moja, anika kivulini.

Hapa maji ndiyo yanayoharibu kazi za wengi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi au magumu, na maji magumu hugeuza zambarau kuwa buluu ya kijivu wakati wa kusuuza. Tumia maji ya mvua, au ongeza kijiko cha chakula cha maji ya limao kwa kila lita. Kosa la ukoo huohuo ni kukibandika kitambaa juu ya rangi nyeupe ya msingi yenye chokaa au chaki. Chaki hula asidi, na baada ya wiki anga lako la zambarau linakuwa la kijivu kuanzia chini kuja juu. Kitambaa hiki kikae moja kwa moja kwenye mbao iliyozibwa kwa gundi, bila chaki.

Ubao na gundi

Tumia plaiwudi ya milimita 12. Nyuma yake piga papi mbili za wima kwa skrubu za sentimita 2.5, la sivyo rojo likikauka upande mmoja litaupinda ubao kama tanga. Lainisha kwa msasa namba 120. Paka pande zote mbili na kingo kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 2, mara mbili. Upande wa nyuma usisahauliwe: mbao iliyozibwa upande mmoja hunywa unyevu upande mwingine. Sehemu ya chini ambayo itabeba udongo ichore mistari kwa msumari, kina cha milimita 1, ili rojo lipate pa kushika.

Gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa udongo, mkaa, maganda na matawi. Kwa unga wa zambarau usiitumie, wala usitumie rangi za akriliki: akriliki nyingi zina ualkali, na ualkali huisukuma zambarau kwenye buluu ya kijivu. Unga huo uchanganye na gundi ya mgunga. Loweka gramu 30 za vipande vya gundi safi kwenye mililita 60 za maji ya moto usiku kucha, chuja, ongeza nusu kijiko cha chai cha asali ili isikatike ikikauka. Tengeneza ya siku chache tu, kwani huvunda.

Rojo la udongo: sehemu 3 za udongo uliooshwa, sehemu 2 za mchanga wa ndoo ya kwanza, sehemu 1 ya vumbi la mbao, sehemu 2 za gundi nyeupe, na maji hadi liwe kama uji mzito wa mtama. Vumbi la mbao hupunguza uzito na kushikanisha, mchanga huzuia mpasuko. Gundi ikiwa kidogo, ukipitisha kidole udongo unatoka. Ikiwa nyingi, udongo unang'aa kama plastiki na uzuri wake wote umekwenda. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plaiwudi cha ukubwa wa kiganja na ukiache siku mbili.

Kujenga picha

Fuata mpangilio huu: kitambaa, udongo, matawi, maganda na kokwa, weusi wa chuma, zambarau, na mkaa wa mwisho. Ukiugeuza, kitu chenye maji kitapita juu ya kitu kisichotaka maji.

Bandika amerikani kwa gundi nyeupe isiyochanganywa, uitandaze kwa kipande cha plastiki kigumu kutoka katikati kwenda nje ili kutoa hewa. Weka uzito juu usiku kucha, ukitanguliza karatasi ya nailoni.

Rojo liwekwe kwa mwiko tabaka la milimita 2 au 3, likauke siku nzima, ndipo tabaka lingine. Tabaka moja la milimita 8 litapasuka, hakuna ujanja. Mpasuko unaweza kutakiwa, kwa kuwa bonde la mbuga bila nyufa si bonde la mbuga. Basi hapo, na hapo tu, paka udongo mweusi milimita 4 juu ya gundi iliyokauka nusu, uweke juani. Nyufa zikitokea na kukauka, tia gundi iliyozimuliwa ndani yake kwa brashi nyembamba ili vipande visidondoke.

Kabla ya tabaka la mwisho kukauka, zamisha matawi. Kabla ya hapo yapashe kwenye oveni ya nyuzi 65 kwa saa 2 ili kuua wadudu watobozi. Unga laini chini ya picha baada ya miezi ni kazi yao. Tawi nene kuliko kidole lisitegemee gundi: toboa plaiwudi, lifunge kwa waya mwembamba unaokazwa nyuma. Vikonyo vikavu vya vishada, vikigeuzwa juu chini, hufanya migunga ya mbali ambayo hakuna brashi itakayoifikia. Mbuyu ukitaka, tumia uzi wa kamba ya gome la mbuyu uliosokotwa, uulaze wima.

Kuhusu kinachochorwa: chupa, glasi na kishada cha zabibu viache. Vinaigeuza picha kuwa karatasi ya chupa. Mistari ya mizabibu inayokimbilia kwenye jabali, nguzo na nyaya, udongo uliofukuliwa mashinani, vinatosha, na vinasema Dodoma kuliko kishada chochote. Vizibo vya koki navyo watu huvipenda mno. Koki ni gome la mwaloni wa Ureno na nchi jirani zake; kwenye picha ya ardhi ya Ugogo inabaki mgeni, isipokuwa una sababu ya kuiita.

Maganda yabandikwe moja moja au kwa konzi kwenye gundi nene, yakikandamizwa kwa kidole chenye nailoni. Yakikauka, yapulizie shelaki nyembamba mara mbili. Kokwa zifuate.

Weusi wa chuma ni kwa nguzo, magome na vivuli vya udongo. Wiki mbili kabla, weka misumari yenye kutu kwenye chupa ya siki, kizibo kikiwa kimelegea kwa sababu hutoa gesi. Siku ya kazi chemsha gramu 100 za kokwa zilizopondwa (zisizopakwa shelaki) kwenye nusu lita ya maji kwa saa moja, chuja. Paka maji ya kokwa kwenye mbao, yakauke, kisha paka ile siki ya misumari, ndiyo maji ya chuma. Rangi itaingia mbele ya macho yako, kijivu chenye ukijani, na itakolea saa chache zinazofuata. Tanini ya zabibu hutoa ukijani huo, si weusi wa wino. Anayetaka weusi kamili aongeze mkaa. Maji ya chuma yasiguse amerikani, kwani hula nyuzi za pamba taratibu na kitambaa huchanika chenyewe.

Zambarau iwe ya mwisho kabla ya mkaa, mahali padogo penye haja: ukingo wa machweo, kivuli kati ya safu mbili. Mkaa ukishachorwa, upulizie dawa ya kuzuia mkaa usifutike, au shelaki iliyozimuliwa kwa spiriti sehemu 1 kwa 6, ukiwa umbali wa sentimita 40. Ukikaribia zaidi, matone huchimba mistari.

Yanayojitokeza baadaye

Harufu ya siki baada ya wiki ina maana maganda yalibandikwa yakiwa mabichi. Hakuna dawa ila kuyang'oa. Ukungu mweupe wenye manyoya unapofutika kwa pamba yenye spiriti, umegunduliwa mapema. Ukirudi, chumba ndicho kina unyevu. Unga mweupe usio na manyoya, unaosagika kama chumvi, ni chumvi kweli: ya udongo au ya magadi ambayo hayakuoshwa. Uondoe kwa brashi kavu kila unapotokea, usipake vanishi juu yake, maana utaufungia chini ya vanishi. Fuwele ndogo zinazometa kwenye kitambaa ni chumvi ya tatariki iliyotoka kwenye mashapo. Haina madhara, na wengine huitaka.

Rojo likijitenga na ubao kama ganda, mbao haikuchorwa mistari au ilikuwa na mafuta. Ingiza gundi iliyozimuliwa kwa bomba la sindano kupitia ufa, kandamiza kwa mfuko wa mchanga siku moja.

Vanishi isiende kwenye picha yote. Udongo ukivanishiwa huwa mweusi na kung'aa, na huwezi kurudi nyuma. Anga la kitambaa tu lipakwe vanishi isiyong'aa yenye kinga ya miale ya jua, mara mbili. Haitazuia kupauka, itapunguza kasi yake tu. Ndiyo maana, siku unapotia rangi kitambaa, kata kipande kidogo, kifunike nusu kwa karatasi ya alumini, kibandike dirishani mwezi mmoja. Tofauti ya nusu hizo mbili ndiyo jibu la kumpa mnunuzi anayeuliza picha itakaaje, na ni haki yake kuambiwa kabla ya kulipa. Andika nyuma ya ubao vifaa vilivyotumika na msimu wa zabibu.

Ubao ukimalizika unaweza kufika kilo 6 au 7. Tia pete mbili kwenye papi za nyuma, theluthi ya urefu kutoka juu, na kila pete itundikwe kwenye skrubu yake yenye plagi ukutani. Waya mmoja kwenye msumari mmoja hautoshi. Ukuta uwe wa ndani, usiopigwa na jua wala kupakana na bafu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu peke yake, kwa sababu kitambaa chenye maji kitaondoka na mkaa na zambarau.